Kielelezo Namba Saba

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye dirisha hili, mahakama ya Duluth,
nikipokea nyuso za uongo ndani ya bahasha za kaki.
Nimeziona za kila namna:
leseni ya Hawaii yenye upinde wa mvua wa rangi nne,
mvulana wa chunusi aliyezaliwa, eti, mwaka mmoja na mke wangu,
mwingine aliyekosea herufi za mji wake mwenyewe.
Nacheka kidogo, napiga mhuri, naandika namba.

Ya Jumanne haikuwa bandia.
Niliikunja, nikaiinua kwenye taa, nikapapasa kingo:
plastiki halali, saini halali,
kila kitu kweli isipokuwa aliyeishika.

Dagny Kallio, miaka kumi na saba,
koti la timu ya magongo ya barafuni, kucha zimetafunwa hadi nyamani.
Kadi inasema Britta Kallio, ametimiza ishirini na mbili usiku uleule.
Nywele zilezile, nyusi zilezile;
kovu la kidevuni tu ndilo lisiloazimika.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii ilikuwa na urefu wa foleni ya watu kumi na mmoja kwenye theluji.
Bawabu akamulika tochi: Nyota yako?
Samaki, akajibu bila kusita.
Anwani? Akaitaja; nyumba ni moja.
Kisha bawabu, kwa wema tu, akasema:
Kumbe leo ndiyo siku yako! Hongera.
Hapo msichana akaangua kilio,
na polisi wakaitwa.

Jaji Oberg si mtu mbaya.
Alisoma mashtaka kama asomaye bei dukani:
kutumia kitambulisho cha mtu mwingine,
kujaribu kuingia penye kileo kabla ya umri.
"Mwenye kadi anajua?"
Kwenye benchi la nyuma mama yao alisimama, akakaa, akasimama tena.
"Mwenye kadi alikufa Novemba."

Mpiga chapa aliacha vidole hewani.
Fomu haina safu ya kuandika hilo.

Faini, dola mia moja.
Saa ishirini za kuzoa theluji kwenye ngazi za maktaba.
Leseni yake mwenyewe, siku tisini, imefungwa;
basi aliyekamatwa kwa kuwa mtu mwingine
akaachwa bila karatasi ya kuwa yeye.

"Una la kusema?"
"Sikutaka bia," alisema.
"Nilitaka mtu asiyetujua aitazame ile picha,
kisha anitazame mimi,
aseme, sawa, pita."

Jaji akavua miwani. Akaivaa.
"Kadi ibaki mahakamani."

Ikabaki kwangu.
Pembeni, kwa herufi ndogo, niliona neno: mchangiaji viungo.
Kwa hiyo mahali fulani, Fargo labda, ama Mankato,
kuna mtu anayeshuka ngazi asubuhi kwa ini la Britta,
kihalali, kwa hati zenye saini za madaktari,
na hakuna bawabu anayemmulika.

Fomu inadai tarehe ya kuteketeza.
Kawaida naandika siku thelathini;
mashine ya kuchana iko chini ya meza,
inanguruma kama paka mwenye kifua.
Siku ile nikafungua kanuni ambazo niliacha kuzisoma
tangu mwaka wa pili wa kazi.
Isizidi miaka saba, zinasema.
Nikaandika saba.
Mke wangu angeniuliza, ya nini? Nisingekuwa na jibu.

Ila nilipiga hesabu, wino haujakauka:
Dagny atakuwa na ishirini na nne,
mkubwa kuliko dada yake,
na mlangoni hakuna atakayemuuliza.